Orodha ya Waume za Watu



Kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2025 tulivuka na boti ya asubuhi kwenda Dar es Salaam kumsindikiza mwari wetu. Ni binti wa Unguja, mchumba wake anafanya kazi bara, na ndoa itafungwa Upanga nyumbani kwa mama yake mdogo, katika fleti za zamani upande wa Diamond Jubilee. Mfungo Sita ule harusi zilibanana, na kila mwenye harusi alikuwa Kariakoo. Siku mbili tulishinda huko tangu maduka yanafunguliwa: kitambaa cha shela, doti sita za kanga, viatu, udi, sanduku lenyewe. Tulivutana bei na wauzaji mpaka sauti zikatukauka. Bei za mtaa wa Kongo tutawaandikia siku nyengine, inshallah.

Safari ilikuwa na shughuli ya pili, na hiyo hatukuitangaza bandarini. Wiki tatu kabla lilifika Unguja neno kwamba bwana harusi ana mke Tanga. Nani kalianzisha hatukumjua. Maneno ya harusi hayana mwenyewe. Baba yake mwari akasema ulizeni kwanza, shela baadaye. Sisi tukafanya yote mawili kwa pamoja.

Basi jioni ya pili tumekaa sebuleni, miguu imevimba, vitambaa vimetandazwa juu ya makochi, mama mdogo anamimina chai ya maziwa, akasema kwa uchungu: "Ingekuwa enzi za Makonda, tungefungua simu tu tukaliona jina lake."

Hapo ndipo palipowaka.

Kwa wadogo waliosahau, na kwa sisi wa visiwani ambao mambo ya bara hutufikia nusu nusu: Paul Makonda alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam kuanzia Machi 2016 hadi Julai 2020. Katikati ya 2019 alitangaza kwamba mkoa utaweka kwenye tovuti yake majina ya wanaume waliooa, iwe ndoa ya kanisani, ya msikitini, ya kimila au ya bomani, ili mwanamke anayechumbiwa ajitazamie mwenyewe kabla hajaumizwa. Alisema mabinti wengi wanaahidiwa ndoa kisha wanaachwa na aibu. Vyombo vya habari vya nje viliichukua kama kichekesho. Wanawake wengi wa mjini hawakucheka, na mama mdogo ni mmoja wao. Ameishi Upanga zaidi ya miaka thelathini na kura hapigi nyengine ila anayoijua mwenyewe.

Wakati ule Makonda alikuwa mgombea ubunge wa Arusha Mjini kupitia CCM, na uchaguzi ulikuwa tarehe 29 Oktoba 2025. Mtu wa Upanga hakuweza kumpigia wala kumnyima kura. Lakini rekodi aliyoombea kura aliijenga hapa, juu ya watu wa hapa, na ndiyo maana sebule yetu haikuweza kulala.

Mama mdogo alikuwa na hoja zake, na tunaziandika kama alivyozitoa kwa sababu si za kubeza. Nani mwengine alipiga marufuku shisha? Mwaka 2016 vijana walikuwa wanakaa barazani na mabomba hayo mpaka saa nane za usiku, na wazazi hawana pa kusemea. Nani mwengine aliwaita wanawake waliotelekezewa watoto? Aprili 2018 alitoa mwito, wakaja kwa mamia na mamia na watoto mgongoni, foleni ikajaa nje ya ofisi ya mkoa. "Mimi nilikwenda kuangalia," alisema. "Nilimuona mtoto wa jirani yangu pale, amejifunika uso kwa mtandio. Miaka minne hakuna aliyemuuliza kama mwanawe amekula."

Ilipofika hapo hakuna aliyekuwa na la kumjibu. Na sisi tunakiri: mwaka ule, tukiwa Unguja, tulizisambaza zile video. Tulifurahi. Kiongozi wa serikali amesimama na kusema kwa sauti yale ambayo sisi huyasema jikoni.

Jirani wa ghorofa ya juu, mwalimu mstaafu, alikuwa amekuja kuazima cherehani na akakaa. Yeye alimwacha mwenzake amalize, kisha akauliza jambo moja: "Bibi, ile tovuti wewe uliwahi kuifungua?"

Hakuwahi. Hakuna aliyewahi kati yetu sote tuliokaa pale.

Mwalimu akaendelea na ya kwake. Februari 2017 Mkuu wa Mkoa alisoma hadharani majina ya watu aliotaka wafike polisi kwa tuhuma za dawa za kulevya: wasanii, wafanyabiashara, mwanasiasa, mchungaji. Wengine wanawake vijana. Majina yalisomwa kwanza, ushahidi utafutwe baadaye. Oktoba 2018 akatangaza kamati ya kuwasaka mashoga na akawataka wananchi wamtumie majina. Ujumbe ulimfikia kwa maelfu. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba yale ni mawazo yake binafsi, si msimamo wa serikali. Januari 2020 Marekani ikamzuia kuingia nchini kwake kwa tuhuma za ukiukaji wa haki za binadamu. Mama mdogo akamkatiza: Marekani ni nani wa kutufundisha maadili? Wengine wakacheka, na mwalimu akacheka pia. "Basi tuwaache Wamarekani," akasema, "tuje kwenye dini yetu wenyewe."

Tunadhani hapo alikuwa sawa, na tungependa tukae hapo kidogo, maana wasomaji wetu ni watu wa dini kabla ya kuwa watu wa chama.

Msimamo wa dini juu ya zinaa na ulevi tunaujua na hatuupunguzi. Lakini dini hiyo hiyo katika Surat Al-Hujurat imekataza dhana mbaya na kupelelezana, na katika Surat An-Nur imemtaka anayemtuhumu mwanamke mwenye heshima zake alete mashahidi wanne au apate yeye adhabu. Mashahidi wanne! Si ujumbe wa simu kutoka namba isiyojulikana. Wengi wetu tumekisikia darsani kile kisa kinachosimuliwa cha Sayyidna Umar, Allah amridhie, alipopanda ukuta usiku na kumkuta mtu na pombe yake ndani. Yule mtu akamwambia kwamba kama yeye ameasi kwa moja, Khalifa ameasi kwa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na ameingia bila idhini wala salamu. Umar ndiye aliyeondoka. Na huyo alikuwa Umar, ambaye hakuna anayeweza kusema alikuwa mlegevu katika dini.

Tena tujiulize sisi wanawake, mlango wa kutuma majina ukishafunguliwa, jina la nani hutumwa kwanza? Tumeishi mitaani, tunajua. Binti aliyemkataa mtu posa. Mjane anayechelewa kurudi kazini. Mke mwenza. Tumeona harusi zikivunjika kwa ujumbe mmoja wa uongo, na hapo hapakuwa na mkuu wa mkoa nyuma yake.

Kuhusu wale kina mama wa foleni, hapa tunagawanyika hata sisi kwa sisi. Mmoja wetu anaamini mwito ule peke yake ulitosha kumshukuru, kwa sababu wanaume kadhaa walianza kulipa kwa hofu ya kuitwa tu. Wengine tunauliza kwa nini mwanamke ajipange juani mbele ya kamera ili apate haki ambayo sheria ilikwisha mpa. Tangu Sheria ya Mtoto ya 2009, mama, ndugu, hata afisa ustawi wa jamii anaweza kuomba matunzo ya mtoto mahakamani, na vipimo vya vinasaba hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Kabla ya sheria hiyo kiwango cha juu kwa mtoto wa nje ya ndoa kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi, bei isiyonunua hata andazi. Kwa hiyo msione sheria ni kitu kidogo. Mahakama ya Watoto iko Kisutu. Kutoka nyumba tuliyokuwa tumekaa ni mwendo wa miguu. Yule binti wa mtandio alikuwa amekaa miaka minne jirani na mahakama hiyo na hakuna aliyemwambia, wala mama mdogo mwenyewe hakujua. Tulipoulizana, nusu yetu hatukujua.

Kiongozi angeweka meza moja, afisa mmoja na fomu pale pale ofisini kwake, kila Jumanne, bila kamera, mwaka baada ya mwaka, hata yeye akihama meza ikabaki, tungekuwa na kitu cha kumsifia mpaka leo. Akina mama wa Upanga na Kariakoo wangekielekeza kwa kidole. Hapo ndipo tunapomhukumu, kuliko kwenye ukali wake.

Tuje kwenye kura, maana mama mdogo alirudi huko kwa nguvu. Kama watu hawakumtaka, alisema, mbona wanamshangilia kila aendako?

Msichana wa chuo, mpwa wake anayesoma Muhimbili, alikuwa kimya muda wote na simu yake mkononi. Akasema, "Shikamoo mama mdogo, lakini hapa Dar hakuna aliyempigia kura." Ni kweli, na ni jambo tunalolisahau kwa sababu sauti ya mkuu wa mkoa ni kubwa kuliko ya mbunge. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Bara ni hivyo na kwetu visiwani ni hivyo hivyo, Rais wa Zanzibar huteua wa kwake. Ndugu zetu wa Mombasa na Kwale tangu 2013 wanamchagua gavana kwa kura zao. Kwale mwaka 2022 wamemchagua mwanamke, Bi Fatuma Achani. Gavana akitangaza tovuti na isionekane, baada ya miaka mitano kuna siku ya kumuuliza. Dar es Salaam haikuwa na siku hiyo. Waliompenda hawakuweza kumrudisha, walioumia hawakuweza kumtoa.

Siku iliyokaribia ilikuwa Julai 2020, alipoacha ukuu wa mkoa na kuomba ubunge wa Kigamboni. Katika kura za maoni za chama alipata kura 122, na Dk. Faustine Ndugulile, Mungu ailaze roho yake pema, akapata 190. Mama mdogo mpaka leo ana neno lake juu ya hilo, lile lile lililoenea nchi nzima mwaka ule, kwamba wajumbe si watu wazuri. Sisi hatutaki kulitwisha tukio lile tafsiri kubwa. Wajumbe mia tatu na kitu si Kigamboni nzima, seuze Dar es Salaam. Hatujui nani alipiga kwa ajili ya shisha na nani kwa sababu Dk. Ndugulile alikuwa mbunge wao na wanamjua.

Kisha akarudi. Oktoba 2023 alipewa uenezi wa chama, Machi 2024 akateuliwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha, na huko wengi walimsifia kwa kambi za matibabu ya bure na kwa kukaa na wananchi kusikiliza kero zao. Agosti 2025 alishinda kura za maoni Arusha Mjini. Tuna wasomaji Arusha, na mmoja wao alitwambia kwa simu usiku ule ule kwamba mama yake alipimwa macho bure na kura yake haina mjadala. Hatuwezi kumlaumu. Mtu aliyepimiwa mama yake macho ana ushahidi mkononi.

Ila tungemuomba dada huyo, na wengine watakaopiga kura popote pale, wasichanganye vitu viwili. Kambi ya macho ilifanyika, watu walipimwa. Orodha ya waume ilitangazwa, na sisi hadi leo tunaishangilia kana kwamba tuliiona. Wagombea wamejua kwamba mwanamke wa Kiislamu anaguswa na neno maadili, na wakati ule kila jukwaa lilikuwa na mtu wa kutetea heshima ya mama. Wengine walianza na salamu ndefu.

Sasa turudi kwenye kochi lenye vitambaa, maana mwari alikuwa bado hajajibiwa.

Siku ya tatu mjomba wake na mshenga walikwenda msikiti anaoswali bwana harusi, wakamuona imamu, kisha wakamkalisha kijana mwenyewe mbele ya baba yake mkubwa. Wakamuuliza waziwazi. Naye, tunamshukuru kwa hili, hakuzunguka. Mke yupo Tanga. Amempa talaka moja, na eda haijesha.

Tulipoletewa jibu pale Upanga, sebule ilinyamaza. Mwalimu wa juu ndiye aliyesema, kwa upole wala si kwa kumkomoa mtu: "Tovuti ingeandika nini hapo? Ameoa au hajaoa?"

Dada zetu mnaosoma mnalijua jibu la kifiqhi. Talaka ya rejea, eda haijamalizika, yule wa Tanga bado ana hukumu za mke: akifa mume leo anamrithi, na mume akitaka anamrejea bila nikaha mpya. Kwa hiyo uvumi ulikuwa kweli na haukuwa kweli. Na hata kama angekuwa na mke kamili bila talaka yoyote, neno "ameoa" kwetu sisi lisingemaliza kitu, maana sheria ya Mwenyezi Mungu imemruhusu zaidi ya mmoja kwa sharti la uadilifu. Swali la mwari wa Kiislamu ni refu kuliko safu moja ya orodha. Mwenzangu anajua? Anatunzwa? Kipato cha mume kinatosha nyumba mbili, au tutagawana njaa?

Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika bara, imeyaacha wazi maswali hayo kwa njia yake. Inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla, na mke aliyepo ana haki ya kupinga kama uwezo wa mume ni mdogo na ndoa mpya itamletea dhiki. Kuna hata haki ya kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa, lile jambo lenyewe lililomuudhi Mkuu wa Mkoa mwaka 2019. Mambo haya yapo kwenye vitabu tangu bibi zetu ni mabinti. Lakini wangapi kati yetu tumewahi kuona taarifa hiyo ya siku 21 ikifuatwa kwa dhati? Katika harusi tulizohudhuria, mara nyingi karatasi hujazwa asubuhi ya nikaha na biriani iko jikoni. Hapo hatumlaumu Makonda wala yeyote. Hizo ni shughuli zetu, na wenye kuona haya kuuliza ni sisi.

Mwari aliomba namba ya yule wa Tanga. Mama mdogo alishtuka, shangazi akasema haijawahi kutokea katika ukoo huu. Mjomba akaipata. Binti akaingia chumbani akafunga mlango, tukakaa nje zaidi ya nusu saa tukijifanya tunakunja kanga. Alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia. Akasema shela likunjwe, nikaha isogezwe mpaka eda iishe na ijulikane moja, anarejewa au haachwi tena njiani. Akirejewa, yeye ataamua upya akiwa anajua.

Tukarudi na boti ya jioni. Mama mdogo alitusindikiza mpaka chini kwenye bajaji, na hata pale hakuacha: "Lakini Makonda alituona, jamani. Nyinyi semeni mnavyotaka, alituona." Mwalimu alikuwa dirishani juu, cherehani anayo bado. Tarehe 29 Oktoba 2025 walikuwa waende kituo kimoja, na hatukudhani wangepiga kura moja.

Boti ilipotoka bandarini mwari alichukua karatasi ya duka la vitambaa, akaigeuza upande mweupe na kuanza kuandika maswali ya kikao kijacho na wazee wa bwana harusi. Tulichungulia la kwanza. Aliuliza matumizi ya eda ya yule wa Tanga ni kiasi gani kwa mwezi, na kama ya mwezi huu yameshapelekwa.